UZI: Vipimo vya uwanjani vinavyotabiri matokeo ya mbio za baiskeli za milimani, na namna ya kuvifanya hapa Dar

#1 Mkanyagaji wa Pugu

Habari zenu wakuu. Msimu ukikaribia linarudi swali lilelile kwenye magrupu: "FTP yangu ni wati 240, nitamaliza wa ngapi?" Namba hiyo peke yake haijibu. FTP, yaani wati unazoweza kuzishikilia kwa muda unaokaribia saa nzima, inasaidia sana kwa anayepanda mlima mrefu wa lami kwa mwendo mmoja. Mbio za mzunguko za milimani, hizi tunazoziita XCO, haziendi hivyo. Waendeshaji wa daraja la juu hushindana kwa dakika 80 hadi 100, mzunguko kwa kawaida ni kilomita 4 hadi 6, na ndani yake mtu anapanda kipando kikali kwa nguvu inayozidi FTP yake kwa mbali, halafu muda mfupi baadaye yuko kwenye mteremko hakanyagi kabisa. Mapigo ya moyo hayashuki pamoja na wati. Wastani wake kwenye mbio hizi ni karibu asilimia 90 ya mapigo ya juu kabisa, maana mikono, mgongo na mapaja vinaendelea kuibeba baiskeli hata pedali zikiwa zimesimama.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kupima: nguvu ya pumzi kwa kila kilo ya mwili, uwezo wa kurudia mikazo mikali (vipande vifupi vya kukanyaga kwa nguvu) kabla hujapumzika vya kutosha, na ufundi wa kuiendesha baiskeli. Watu wengi hupima la kwanza tu.

Kipimo cha dakika 20. Pasha mwili dakika 20 kwa mwendo mwepesi, katikati uweke mara tatu dakika moja ya kuzungusha pedali haraka, mizunguko 100 au zaidi kwa dakika. Kisha kanyaga dakika 5 kwa nguvu zote. Usiziruke dakika hizi. Kazi yake ni kumaliza ile akiba ya nguvu za haraka ili isije ikapandisha namba ya mwisho. Pumzika kwa kukanyaga kilegevu dakika 10, halafu dakika 20 kamili kwa kadiri unavyoweza kwa usawa. Chukua wastani wa wati, zidisha kwa 0.95, gawa kwa uzito wako. Wati 240 kwa mtu wa kilo 60 ni 4.0 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 80 ni 3.0. Kwenye kipando hao wawili hawataonana.

Kosa kubwa ni kuanza kwa pupa. Dakika 3 za kwanza ziwe chini kidogo ya unachodhani utamaliza nacho. Ukiona dakika 5 za mwisho wati zimeanguka zaidi ya asilimia 8 hivi kuliko dakika 5 za mwanzo, hicho si kipimo cha FTP tena, rudia siku nyingine.

Kipimo cha 45/15. Hiki ndicho ninachokitetea zaidi kwa XCO. Sekunde 45 kali, sekunde 15 za kulegeza, mara 20 mfululizo bila kusimama. Jumla dakika 20. Andika wastani wa wati wa zile sekunde 45 pekee kwa mara zote 20, kisha linganisha mara 5 za mwanzo na mara 5 za mwisho. Wastani unakwambia ukubwa wa injini kwa mtindo wa mbio zenyewe. Tofauti ya mwanzo na mwisho inakwambia unavyoweza kurudia. Watu wawili wenye FTP ileile wanaweza kuachana sana hapa, na anayekuwa juu hapa ndiye huwa mbele msituni.

Kipando hakifai kwa kipimo hiki, na wengi huharibu hapo. Sekunde 15 hazitoshi kurudi chini, na kilima cha kupanda dakika 20 mfululizo Dar hatuna. Tumia mashine ya kukanyagia ndani ya nyumba, au barabara ya vumbi tambarare isiyo na makutano. Kwa spidi ya kilomita 28 hadi 30 kwa saa unahitaji karibu kilomita 10 zilizonyooka. Upande wa Kigamboni, ukitoka nje ya makazi, vipande vya namna hiyo vinapatikana mapema asubuhi. Weka saa ya kukulilia kila 45 na kila 15, usihesabu kichwani, maana kuanzia mara ya 12 akili haihesabu vizuri.

#2 Hesabu Kwanza

Mkuu, uzi mzuri. Naomba nitetee FTP kidogo, kisha nikupe sababu ya wewe kuwa sahihi.

Ukichukua watu 30 mchanganyiko, kuanzia anayeanza hadi anayeshinda mbio, kipimo chochote cha pumzi kitawapanga karibu sawa na matokeo ya mbio. Hata muda wa kukimbia kwa miguu utakaribia. Ila ukichukua watu 8 wa kundi la mbele, ambao FTP zao kwa kilo zinatofautiana kwa desimali tu, kipimo hichohicho kinapoteza nguvu. Hakijaharibika. Kwa pumzi wote wamekwisha lingana, na kinachobaki kuwatenganisha ni kurudia mikazo, ufundi, na nafasi ya kuingilia kijia chembamba mwanzoni. Kwa hiyo anayeuliza "kipimo gani kinatabiri" ajibiwe kwanza: unamtabiria nani, na unamlinganisha na nani?

Naongeza kipimo kimoja ambacho hakidai dakika 20 mfululizo, na kinatoa namba mbili badala ya moja. Unakanyaga dakika 3 kwa nguvu zote, unapumzika nusu saa au zaidi, kisha dakika 12 kwa nguvu zote. Tuseme umepata wati 330 kwa dakika 3 na wati 270 kwa dakika 12. Geuza kuwa kazi:

330 × 180 = jouli 59,400
270 × 720 = jouli 194,400
Tofauti ya kazi 135,000, gawa kwa tofauti ya muda, sekunde 540 = wati 250.

Hizo wati 250 ndizo nguvu yako ya ukomo. Ukiwa chini yake unadumu muda mrefu; juu yake unakula akiba. Akiba yenyewe ni 59,400 toa (250 × 180), yaani jouli 14,400. Kila kipando cha XCO unachokipanda juu ya wati 250 kinachota kwenye hizo 14,400, na kila mteremko unarudisha kiasi.

Angalizo: ile ya dakika 3 lazima uimalize kweli. Ukijibania ukapata 310 badala ya 330, hesabu inakupa ukomo wa karibu wati 257 na akiba ya jouli 9,600. Yaani umefanya uvivu, halafu karatasi inakwambia pumzi imeongezeka na theluthi ya akiba imepotea. Nimeona programu za mazoezi zimejengwa juu ya namba za namna hiyo na zinamuumiza mtu.

#3 Dada Pedali

Asanteni kaka zangu. Wengi wetu hatuna pawa mita, kile kifaa cha kupima wati kwenye baiskeli, na bei yake kuna wakati inashinda ya baiskeli. Tunapima nini? Na kile kipimo cha kupandisha wati 20 kila dakika mpaka ushindwe, mbona hamjakitaja?

#4 Mkanyagaji wa Pugu

Dada Pedali, cha kupandisha nakitaja kwa ufupi kwa sababu kinahitaji mashine ya ndani inayoshika wati yenyewe. Unaanza wati 100, unaongeza 20 kila dakika, ukishindwa unachukua dakika yako bora zaidi na kuzidisha kwa 0.75. Ni kipimo chepesi kupangilia, hakikuhitaji ujue kugawa nguvu. Ila mwenye miguu ya mbio fupi hupewa FTP kubwa kuliko aliyonayo, na mwenye pumzi ndefu lakini hana mlipuko hupunjwa.

Kwa asiye na pawa mita, kipimo ni kilima na saa. Chagua kipando cha dakika 4 hadi 8, mwinuko wa asilimia 5 hadi 8, kisicho na matuta wala kona ya kukulazimisha ushike breki. Pugu na Kisarawe ndiko kwa kuanzia. Goba na Madale vipo vifupi zaidi vinavyofaa kwa dakika moja mbili. Weka alama ya kuanzia na ya kumalizia vitu visivyohama: nguzo ya umeme, kalvati, jiwe la kilomita. Mti hukatwa, kibanda huhamishwa.

Ukitaka wati, hesabu ipo. Tuseme mwendeshaji kilo 68, baiskeli 13, maji na viatu 3, jumla kilo 84. Kipando cha mita 900 kinachopanda mita 60, umetumia dakika 4. Nguvu ya kuinua uzito: 84 × 9.81 × 60 ÷ 240 = wati 206. Ongeza msuguano wa tairi. Kwenye lami kwa tairi za milimani unakuwa karibu wati 30, kwenye vumbi lililolegea unaweza kufika 60. Upepo unaojikatia mwenyewe kwa spidi hiyo ni wati 14 hivi. Kwa hiyo lami inakupa kama 250, vumbi kama 280, kwa muda uleule wa dakika 4.

Tazama hiyo tofauti ya wati 30. Ni kubwa kuliko anachoongeza mtu mzoefu kwa msimu mzima. Ndiyo maana usitangaze wati za kukadiria kutoka kwenye kilima. Tunza *muda*, kwenye kilima kilekile, ardhi ikiwa katika hali ileile. Udongo mwekundu wa Pugu siku mbili baada ya mvua ni mgumu na unakwenda. Ukikauka wiki tatu unakuwa unga juu, na gurudumu la nyuma linateleza kila ukisimama kwenye pedali.

Mikazo ya kurudia bila pawa mita: kipando cha sekunde 30, mara 5 kwa nguvu zote. Kila mara weka alama ulipofika kwa kijiti au chaki, kisha rudi chini taratibu. Mapumziko yawe dakika moja na nusu, sawa kwa kila mara. Pima umbali. Gawa umbali wa mara ya tano kwa wa mara ya kwanza. Ukiwa juu ya 0.90 unarudia vizuri. Ukiwa 0.80 utaachwa raundi ya tatu hata kama umeanza mbele.

#5 Kusi na Kaskazi

Wakuu hamjagusa hali ya hewa, na Dar ndiyo inayoharibu nusu ya vipimo vya watu.

Joto la nyuzi 31 na unyevu tulionao, jasho linatiririka badala ya kukauka mwilini, na jasho lisilokauka halipozi. Moyo unapeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Matokeo: mapigo yanapanda taratibu hata wati zikibaki palepale, na baada ya dakika 15 hivi wati zinashuka. Aliyepima Julai asubuhi akarudia Februari saa nne atasema ameshuka kiwango. Hajashuka, amepimwa kwenye joto jingine.

Pima saa 12 asubuhi kukipambazuka, kila mara. Andika joto na unyevu kutoka kwenye simu pembeni ya matokeo. Tofauti ikizidi nyuzi 3 usilinganishe moja kwa moja.

Upepo. Kigamboni ni tambarare lakini ni ufukweni. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili na kuendelea. Mwelekeo uliokuwa na upepo wa mgongoni Januari, Julai unakuwa wa usoni. Asubuhi mapema upepo unakuwa umetulia, mchana unaamka kutoka baharini. Kwa kipimo cha muda, kama huna pawa mita, nenda na kurudi kwenye kipande hichohicho. Nusu ya kwenda peke yake haina maana.

Wanaopima ndani: feni kubwa iwe mbele ya kifua, si pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kipimo na feni ikasimama, simamisha na kipimo. Dakika 8 za mwisho bila feni kwenye chumba cha Dar zinaweza kukushusha wati nyingi kuliko uchovu wa wiki nzima.

Jasho pia lipimwe. Jipime uzito bila nguo kabla na baada, ongeza maji uliyokunywa. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo 1.4 amefika asilimia 2, na hapo nguvu huanza kushuka. Ukijua unapoteza lita ngapi kwa saa, utajua chupa ngapi za kubeba siku ya mbio, na huo nao ni utabiri.

#6 Mgeni wa Milima

Nimesoma kwa makini, shukrani. Mimi nafanya mazoezi Dar lakini mbio zenyewe ziko Iringa. FTP ya Dar naibebaje kule juu?

#7 Kusi na Kaskazi

Mkuu, Dar tuko usawa wa bahari. Iringa mjini ni karibu mita 1,550, Mbeya karibu 1,700, Arusha na Lushoto karibu 1,400, Morogoro mjini kama 500 tu. Kwenye mita 1,500 nguvu ya muda mrefu inashuka kati ya asilimia 5 na 9 hivi: karibu na 5 kwa aliyekwisha zoea, karibu na 9 kwa anayeshuka kwenye basi. Kwa FTP ya wati 250, jipangie 228 hadi 238. Ukianza mbio na zile 250 kichwani, dakika 10 za kwanza utajiona uko sawa, kisha utalipa kwa nusu iliyobaki.

Mikazo ya sekunde 10 au 20 haishuki kwa kiasi hicho, kwa kuwa haitegemei sana oksijeni ya papo hapo. Kinachobadilika ni muda wa kujirudishia pumzi. Kwa hiyo ongeza nafasi kati ya mikazo, usiipunguze mikazo yenyewe. Na usifanye kipimo kipya siku ya pili baada ya kufika, utajichosha bila faida. Panda kipando kimoja cha dakika 5 kwa bidii ya wastani, tazama wati na mapigo, inatosha.

Upande wa faida, Iringa asubuhi ni baridi. Aliyezoea joto la Dar anapata kitu pale, hasa mbio zikiwa ndefu.

#8 Fundi Spoki

Naomba niingie kwenye vifaa, maana kipimo kizuri kwenye kifaa kibovu ni kupoteza asubuhi.

Pawa mita ya mkono wa krenki (ule unaoshika pedali) wa kushoto inapima mguu mmoja na kuzidisha kwa mbili. Kama mguu wako wa kushoto unatoa asilimia 48, wati 250 za kweli zitasomeka 240. Si tatizo ukijilinganisha na wewe mwenyewe. Ni tatizo ukijilinganisha na mwenzako, au ukibadilisha kifaa katikati ya msimu. Msimu mmoja, kifaa kimoja.

Iweke sifuri kabla ya kila kipimo, lakini si ndani ya nyumba. Baiskeli ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 24 kwenda nje kwenye 31, chuma kinabadilika na sifuri inahama. Iache nje dakika 15, krenki isimame wima, mguu usiguse pedali, ndipo uweke sifuri. Betri ya kidonge ikikaribia kuisha, namba huanza kurukaruka kabla kifaa hakijazima.

Mapigo ya moyo yapimwe kwa mkanda wa kifuani. Saa ya mkononi kwenye njia ya mawe inatikisika, na mara nyingi inaishia kuhesabu mzunguko wa pedali au mtikisiko badala ya moyo. Ukiona mapigo 90 wakati unakanyaga mizunguko 90 huku pumzi inakata, ujue ni hilo. Lowesha mkanda kabla ya kuuvaa.

Tairi: upepo upimwe kwa geji ileile, asubuhi kabla jua halijazipasha. Kwa mtu wa kilo 68 kwenye tairi la upana wa inchi 2.25 lisilo na tyubu, PSI 20 hadi 24 ni mahali pa kuanzia, nyuma ikizidi mbele kwa 2 hivi. Ukiwa na tyubu panda hadi 28 au 30, la sivyo utapasulia tyubu kwenye mizizi. Tofauti ya PSI 6 kati ya kipimo na kipimo inabadilisha muda wa kilima kwa sababu zisizohusu mwili wako. Mnyororo usafishwe na kutiwa mafuta kabla ya kila kipimo. Vumbi la Pugu likishikana na mafuta linakuwa msasa.

Shokapu ya mbele ifungwe au iachwe wazi, ila iwe vilevile kila mara.

#9 Dada Pedali

Nimeandika yote. Lingine: ufundi mnaupimaje? Mmesema unahesabika lakini hamjatoa namba.

#10 Hesabu Kwanza

Dada, ufundi unapimwa kwa kuukata mzunguko vipande. Tafuta au tengeneza mzunguko wa kilomita 4 hadi 5 unaofanana na wa mbio. Weka alama nne: mwanzo wa kipando, mwisho wa kipando, mwisho wa sehemu ya mawe na mizizi, mwisho wa mteremko. Pasha mwili, kisha zunguka raundi tatu kwa mwendo wa mbio ukibonyeza kitufe cha raundi kwenye kila alama. Usiachie GPS ikukatie vipande yenyewe. Chini ya miti mirefu inaweza kukosea mita 5, na penye spidi ya mita 2 kwa sekunde hizo ni sekunde mbili na nusu, wakati tofauti unayoitafuta ni sekunde mbili tatu.

Mfano wa kubuni ili ieleweke. A anapanda kwa 6:10 na kuteremka kwa 2:50. B anapanda kwa 6:25 na kuteremka kwa 2:30. A ana pumzi bora kwa kipimo chochote, lakini jumla yake ni 9:00 na ya B ni 8:55. Kwa raundi 6, B anamaliza mbele kwa nusu dakika. A akienda kuongeza FTP atapata sekunde chache kwa miezi. Akienda kujifunza mteremko, kuachia breki ya mbele kabla ya kona, kutazama mbali, kushusha visigino, sekunde 10 kwa raundi zinaweza kupatikana kwa wiki chache. Kipimo kizuri ni hiki kinachokuonyesha uende wapi.

Tazama pia raundi ya tatu dhidi ya ya kwanza. Kasi ikipungua zaidi ya asilimia 5, angalia imepungua wapi. Imepungua kwenye kipando tu: pumzi, au ulianza vibaya. Imepungua kwenye mteremko: mikono na shingo zimechoka, na hakuna kipimo cha wati kitakachokuonyesha hilo.

Kuhusu kutabiri nafasi. Kwa klabu yenye watu 10 au zaidi, wapange kwa kila kipimo: wati kwa kilo, wastani wa 45/15, muda wa raundi. Mbio zikiisha, wapange kwa matokeo. Angalia ni orodha ipi imekaribia zaidi, kisha rudia kwa mbio tatu nne kabla ya kuamini. Mbio moja ina pancha, ina mtu kuanguka, ina msongamano pale kwenye kijia.

Na kabla ya kusema mtu ameongezeka, mpime mara mbili ndani ya wiki moja akiwa amepumzika. Vipimo vikitofautiana kwa asilimia 3, basi ongezeko la asilimia 2 mwezi ujao si habari. Kipimo cha kwanza kabisa cha mtu usikihesabu, maana anakuwa bado anajifunza kipimo.

#11 Mgeni wa Milima

Na mbio ndefu za kilomita 60 hadi 100? Huko nako 45/15 inatosha?

#12 Mkanyagaji wa Pugu

Hapana, huko swali linabadilika. Kwenye mbio za saa 3 na zaidi, FTP ya mtu aliyelala vizuri haikwambii ana nini saa ya tatu. Pima ukiwa umechoka. Endesha saa 2 kwa asilimia 60 hadi 65 ya FTP. Kwa mtu wa wati 250 ni karibu 160, ambazo zinafikia kilojouli 1,150 hivi. Kisha papo hapo fanya zile dakika 12 kwa nguvu zote. Linganisha na dakika 12 ulizofanya ukiwa mbichi. Ukipoteza chini ya asilimia 5 uko imara. Zaidi ya 10, ndiyo kazi yako ya miezi miwili ijayo, hata kama FTP inavutia. Bila pawa mita, panda kilima chako cha kipimo, endesha saa 2, rudi ukipande tena, linganisha dakika.

Chakula kiwe kilekile katika kila kipimo, gramu 60 za wanga kwa saa angalau. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25. Ukila vizuri mara ya kwanza na mara ya pili ukaenda na maji matupu, umepima tumbo.

#13 Dada Pedali

Swali la mwisho kwangu. Kama kila kitu ni wati kwa kilo, si rahisi mtu apunguze kilo tu?

#14 Hesabu Kwanza

Dada, fanya hesabu na uzito wote unaopanda. Mwili kilo 60, baiskeli na vitu 16, jumla 76. Ukipunguza kilo 2 za mwili umepunguza asilimia 2.6 ya kinachopanda, si 3.3. Ukizipunguza kwa kujinyima, wati zinaweza kushuka kwa asilimia 5, na kile kipimo cha kurudia mikazo ndicho kinachoanguka kwanza. Kwa wadada, hedhi ikianza kuruka ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa mazoezi, hapo mtu aonane na daktari, asiendelee kufukuza namba.

Na kwa wote: usipime ukiwa na homa au ndiyo kwanza umemaliza dawa za malaria. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mapigo yasiyoeleweka wakati wa kipimo, shuka kwenye baiskeli.

#15 Fundi Spoki

Kuna aliyeniuliza pembeni apime lini kabla ya mbio. Kipimo kikali cha mwisho kiwe siku 10 hadi 14 kabla. Siku mbili nyepesi kabla yake, bila mazoezi ya miguu gym. Kipimo cha dakika 20 na cha 45/15 visifanyike siku moja, viachanishwe kwa saa 48. Mpangilio wa wiki ya vipimo unaofanya kazi: Jumanne dakika 3 na 12, Alhamisi 45/15, Jumapili raundi tatu msituni. Wiki ya mbio hakuna kipimo chochote. Siku moja kabla, fungua miguu kwa dakika 40 na mikazo mitatu ya sekunde 20, angalia gia zinaingia na breki zinashika, basi.